Pamba Hakurudi Mwenyewe

Mwanangu Mwamini,

Amani ya Mungu iwe juu ya safari yako ya kwenda kazini Kalemie na juu ya mikono yako. Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: dawa ya malaria, shuka la kujifunika njiani, namba ya shangazi yako wa Kalemie iliyoandikwa mahali patatu isije ikapotea. Hapo sina la kuongeza. Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele, nasikia mnavyocheka. Mimi nimekaa kwenye chumba changu cha kushonea, mlango nimeurudishia nusu, na paka wetu Pamba amelala juu ya mabaki ya vitambaa. Jua limeanza kupoa.

Kwa mdomo tunasema Kiswahili chetu cha Likasi, cha kusema minye badala ya mimi. Lakini nikishika kalamu, mkono hurudi kwenye Kiswahili alichonifundisha babu yako, alichotoka nacho mji wa Kasongo, na katika Kiswahili hicho siwezi kujificha sana. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuita.

Kuna jambo nilikuambia ulipokuwa na miaka minane, na halikuwa kweli.

Unajua jinsi mambo yanavyokuwa baridi ya mwezi wa saba ikishapita, kiangazi chetu, kipwa, kikakauka mpaka vumbi jekundu la mtaa wetu wa Panda likaingia hata kwenye sukari. Ndipo Pamba huanza kumwaga manyoya yake ya baridi. Paka wa watu wengine hujilamba, hujitikisa, mambo yakaisha. Huyu wetu alizaliwa na manyoya marefu, meupe yenye majivu kidogo, mazito shingoni na nyuma ya mapaja. Yakianza kutoka hayaanguki yote. Mengine hunaswa katika yanayoota, yakasokotana mpaka yakawa fundo gumu karibu na ngozi. Haya unayajua kuliko mimi. Usichokijua ni jinsi mimi nilivyoyajua.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi kubwa ya kwanza tangu nianze kujitegemea: sketi na suruali za kwaya ya parokia, kitambaa cheusi, watu ishirini na wawili. Babu yako, Mungu amrehemu, alicheka kwamba Mwislamu anawavika waimbaji wa misa, kisha akasema uzi hauna dini. Nilishona wiki tatu. Nilishona nikijisifu moyoni. Siku ya kupeleka, mama kiongozi wa kwaya aliikunjua sketi ya kwanza, akatoka nayo juani. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba Mwamini, nguo zako ziko na ndevu." Waimbaji wakacheka. Nilitazama, nikaona manyoya ya Pamba yamejishona katika kila mkunjo, meupe juu ya cheusi. Akanirudishia mzigo wote, nikaubeba kichwani mpaka nyumbani, watu wa mtaa wakiniangalia.

Baadaye mama yako alizipitia zote kwa kitambaa chenye maji, na kwaya wakazivaa, hata wakazisifu. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa dogo. Lakini siku ile aibu yangu ilitafuta wa kumbebesha.

Wewe ulikuwa shule. Nilimkuta Pamba amelala juu ya meza yangu ya kukatia. Nilimkamata kwa ngozi ya shingo, nikachukua burashi ya makoti, ile yenye nywele ngumu, nikampitisha nayo kwa nguvu, kinyume cha manyoya. Akanikwaruza. Nikamkandamiza zaidi. Karibu na kwapa palikuwa na fundo, na mimi fundi, mkasi uko mkononi mwangu maisha yote. Nikaona nilikate tu tumalize. Mwanangu, ngozi ya paka ni nyembamba, na ukivuta manyoya huja nayo juu. Nilidhani nakata fundo, nikakata ngozi. Damu ilikuwa kidogo. Sauti aliyoitoa ndiyo ninayoisikia mpaka leo.

Sikumwosha hata kidonda. Nilimtia katika kikapu cha makaa, nikafunga mdomo wa kikapu kwa kamba, nikaenda kwa Asumani, jirani yetu mwenye kamyo, lori la mizigo, aliyekuwa akienda ziwa Tshangalele kila juma kuchukua samaki. Nilimwambia amwache huko, kuna vichwa vya samaki na panya, hatakufa. Asumani alinitazama kidogo, kisha akakiweka kikapu mbele, karibu na kiti chake. Hilo nalikumbuka kwa sababu mimi ningekiweka nyuma.

Uliporudi shule nilikuambia mlango ulikuwa wazi, Pamba ametoka.

Ungelia tu, labda ningevumilia. Wewe hukulia. Ulichukua sahani yake, ukatia dagaa, ukasema, "Baba, twende tumutafute." Nikaenda. Tulizunguka nyumba za kambi ya wafanyakazi safu kwa safu, tukapita ukuta wa kiwanda, tukashuka mpaka kwenye reli. Ulikuwa unatikisa sahani ili asikie, unaita, "Pamba, Pamba." Mtu mmoja alituuliza tunatafuta nini, ukamweleza kwa heshima, rangi yake na mkia wake ulivyo. Halafu ulinigeukia ukaniomba niite mimi, kwa sababu sauti yangu inafika mbali.

Nikaita. Nilisimama kando ya reli, mtu mzima, nikamwita kwa sauti yangu yote paka niliyejua yuko ziwani.

Tulifanya hivyo jioni nyingi. Uliniuliza kama inaruhusiwa kumwombea paka, nikasema inaruhusiwa. Tangu siku hiyo uliamka alfajiri pamoja nami, ukaswali nyuma yangu, na nilipomaliza nilikuwa nasikia jina lake nyuma ya mgongo wangu. Sijawahi kuona uzito kama ule katika swala.

Mama yako alijua. Aliona damu kwenye mkasi wakati anatafuta wa kukatia uzi. Alingoja mpaka tuko wawili, akaniuliza, nami nikamwambia yote. Akasema, "Nguo ukikosea unafumua. Huu uongo utaufumua na nini?" Hakurudia tena, wala hakukuambia. Aliniachia mwenyewe, na kila siku niliuona ule uso wake ukingoja.

Juma la tatu nilipanda kamyo ya Asumani.

Pale ufukweni kuna kijiji cha wavuvi, nyumba za matofali mabichi, chanja za samaki zikitoa moshi. Asumani alinionyesha kwa kidevu mwanamke mmoja wa makamo, mpana, aliyekuwa anageuza samaki. Aliitwa Mama Ngoie. Chini ya chanja yake alikuwa amelala Pamba. Alikuwa amekonda kidogo, lakini alikuwa safi, Mwamini. Karibu manyoya yote ya baridi yalikuwa yametoka.

Mama Ngoie aliniuliza kama ni mimi mwenye paka. Nikasema ndiyo.

"Na hii kidonda?" akasema. "Hii haikuwa mbwa. Hii ni mukasi."

Nikasema sijui nani aliyemkata. Ndiyo, hata kule.

Aligeuza samaki wawili au watatu. Kisha akasema, "Basi ukimuona ule muntu, umuambie kimepona."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumshukuru na kitambaa cha kumpa zawadi. Kitambaa alikipokea, paka hakumtoa. Alisema alimpokea akiwa haguswi, akilala mbali, akiruka kila mtu akinyanyua mkono, na kwamba hawezi kumrudisha kwa mkono asioujua. Akaweka mbele yangu bakuli la maji na kitana cha mti chenye meno mapana. "Umuchanue weye hapa, minye naona. Akikubali, unaenda naye. Akikimbia, anabaki."

Asumani alikuwa na mizigo ya kupakia mpaka alasiri. Nilikuwa na muda huo tu.

Nilinyoosha mkono, Pamba akaondoka. Nilimfuata upande wa pili wa chanja, akaenda mbali zaidi. Nikakaa chini kwenye majivu na magamba ya samaki, suruali yangu nzuri ikaharibika. Jua likapanda. Mimi si mtu wa kukaa, unanijua. Hata nikila huwa mguu mmoja uko nje. Alipokaribia mara ya kwanza nilimshika, akachomoka. Mama Ngoie akasema bila kugeuka, "Bado unamushika. Usimushike."

Sijui ilikuwa saa ngapi aliporudi. Alikaa karibu na goti langu, mgongo akanipa. Nililowesha vidole, nikampitisha upande wa shavu kwa mgongo wa kidole, halafu nyuma ya sikio, halafu shingoni, kufuata manyoya yanavyolala. Yakaanza kuja yenyewe kwenye vidole vyenye maji, kidogo kidogo. Nilipofika nyuma ya paja nilikuta fundo lililobaki. Mkono wangu ukasimama. Mama Ngoie akaja akachuchumaa, akaweka vidole vyake viwili kati ya fundo na ngozi, akabana pale pale kwenye shina, ili nikivuta, maumivu yaishie kwenye vidole na yasifike kwenye ngozi. Akanionyesha nianzie nchani, nywele tano, nywele sita, nizilegeze, niache, nirudi. Hapo nikaelewa. Kufumua mshono bila kuchana nguo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu chenye damu kinastahili angalau uangalifu ninaoupa kitambaa.

Ncha ya mkia ikaanza kupigapiga chini. Mama Ngoie akasema niache.

Nikamwambia limebaki nusu.

"Libaki," akasema. "Hajakasirika bado, anakuambia tu. Ukimusikia sasa, kesho anakuja tena."

Niliondoa mkono. Pamba alijilamba pale nilipomgusa, akalala ubavu, mgongo wake ukiegemea mguu wangu. Asumani alipopiga honi, Mama Ngoie alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kikapu kilichotandikwa kitenge. Hakuniangalia machoni.

"Kwenu anaitwa nani?" aliniuliza.

"Pamba."

"Minye nilimuita Mugeni." Akamtia kikapuni yeye mwenyewe, akafunika.

Nilikuwa nimekwenda kurekebisha kosa moja, nikarudi nimemwacha mwanamke amesimama peke yake kando ya chanja. Hilo pia sikuwahi kukuambia.

Njia nzima nilipanga maneno. Tulipofika kona ya mtaa nilishuka, nikakifungua kikapu ili nimbebe mikononi, nije nikupe huku nikisema kweli. Lakini Pamba alichomoka, na wewe ulikuwa tayari umetoka na sahani. Ulimwona anakatiza barabara. Ukaacha sahani ikaanguka, ukakimbia, watoto wote wa mtaa nyuma yako, na ulikuwa unasema, "Amerudi mwenyewe, Baba, amerudi mwenyewe." Uso wako ulivyokuwa! Nikasema, "Ndiyo, amerudi." Lile neno "mwenyewe" mimi sikulitamka, na kwa miaka kumi na minne nimejitetea nalo.

Kesho yake nilikaa kizingitini na bakuli la maji, nikakufundisha nilichofundishwa. Hukuuliza nimejifunza wapi. Ulikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu tangu siku ya kwanza. Wewe ulisubiri bila kufundishwa kusubiri. Kila kipwa tulikaa hivyo, wewe upande wa mkia, mimi upande wa shingo, na manyoya tuliyotoa ukayajaza ndani ya mto mdogo wa kuchomekea sindano. Siku zile tuliongea mambo ambayo mezani hatungeyasema. Nadhani ni kwa sababu macho yetu yalikuwa kwa paka.

Siwezi kukuambia nilikuwa mpole tangu siku hiyo. Uliposema unataka kusomea ukunga, nilikuwa nimekwisha kukununulia cherehani ya pili moyoni mwangu, nimekupangia na mahali pa kukaa karibu na dirisha. Nilikuvuta. Nilisema maneno makali mbele ya wajomba zako, ukanyamaza miezi miwili, unanisalimia tu na kupita. Nikaita ukaidi. Mpaka siku moja, katika kumchanua Pamba, nilikuona unabana shina la fundo kwa vidole viwili, taratibu, na nikaona kwamba mimi nilikuwa navuta ngozi. Siku ile ndiyo nilikuambia nenda kajiandikishe. Ulidhani mama yako amenishawishi.

Sasa nikuambie kwa nini sikuacha mambo haya yazikwe. Mwaka jana, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi, nilikuletea chakula kule maternite, kwenye wodi ya wazazi. Nilisimama mlangoni nikakusikia unaongea na mama aliyekuwa amejifungua usiku huo. Mume wake alikwenda kwenye machimbo ya upande wa Kolwezi na hakuwa ametuma habari tangu mimba ikiwa changa. Ulikuwa unamwosha mtoto, na ulimwambia kwa sauti yako ile ya chini, "Mama, hata paka wetu alipotea wiki tatu, akarudi mwenyewe. Ngoja tu." Yule mama akaitikia kwa kichwa, akakuamini. Nilikiweka chakula kwenye benchi nikaondoka. Njiani nilijiuliza ni watu wangapi umewapa hadithi ile kwa moyo safi, na wangapi wamekaa wakingoja.

Hakurudi mwenyewe, Mwamini. Njia ile ni ndefu, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Alirudi kwa sababu kuna mwanamke alimtunza, na kuna mtu aliyemtupa aliona haya akaenda kumchukua. Ukimwambia mtu tena hadithi hii, mwambie hivyo.

Mchana wa leo nimemchanua. Amezeeka, na mwaka huu hafikii tena mgongo wake kwa ulimi. Uti wake wa mgongo nimeupitia kwa kidole, kama vifungo vya shati. Nilianza shingoni kama kawaida yangu, nikafika katikati, nikasimama kukungoja uendelee. Mkono ulikaa hewani kwa muda mrefu kabla sijakumbuka kwamba upande ule nao sasa ni wangu.

Umeingia hivi punde. Nywele zimekupendeza. Umeniuliza ninaandika nini, nikasema naandika vipimo vya suruali ya mtu, na wewe umepita kwenda jikoni. Angalia jinsi ulimi wangu ulivyozoea. Barua hii ungeisoma Kalemie, mbali, mahali ambapo nisingeuona uso wako, na mimi ningeita hilo ushujaa. Hapana. Nakuita sasa hivi nikusomee.

*

Asubuhi.

Nimekusomea yote, mama yako amesimama mlangoni. Hukulia, kama vile hukulia wakati ule. Uliponitazama ulisema neno moja tu: "Baba, ulitembea na minye unamuita, na ulijua." Ulikwenda kulala bila kula, nikaona hivyo ndivyo safari yako itakavyoanza, na kwamba nimejitakia.

Alfajiri nilipotoka kutawadha nilikukuta kizingitini na bakuli la maji. Pamba alikuwa mapajani mwako. Ulikuwa unaanzia shingoni, upande wangu. Sikujua kama nikae au nipite. Ukasogea kidogo, nikakaa. Tulimaliza mgongo wote. Kisha ukaniuliza jina la yule mama wa ziwani, nikakutajia. Ukauliza kama yuko hai. Nikasema sijui, sikuwahi kurudi. Ukasema, "Basi uende, Baba. Umupelekee habari ya Mugeni." Nimekubali. Jumanne Asumani anakwenda.

Halafu ukasema jambo la mwisho, na nimeliandika hapa ili lisinitoke: kwamba nikuandikie kila juma jinsi alivyo, na nisichague zilizo nzuri tu.

Basi la Lubumbashi, unakoanzia safari ya Kalemie, linaondoka saa mbili. Mama yako anaita, mjomba wako amekwisha kubeba sanduku, na mimi bado nimeinama mezani kama mtu anayemalizia pindo mwenye nguo akiwa mlangoni. Nitaikunja barua hii niitie mkononi mwako mwenyewe. Nyumba hii itakuwa na vyumba vilevile, na mimi nitakuwa nikisikia hatua zako katika kila kimoja. Ukichoka huko, usione haya kusema umechoka. Nitakuja.

Jana ningekuficha hili ili uondoke na moyo mwepesi. Leo nakuambia: Pamba asubuhi hii hakula. Amekunywa maji kidogo, akarudi kulala. Kesho nitakuandikia kama amekula.

Baba yako,
Ramazani